Gari Lililosema Kabla ya Kahawa

Salt, 24 Agosti

Kwa Dirar, mwana wa kaka yangu,

Nakusalimu, na nakuombea Mungu akupunguzie joto la Sharjah, maana nasikia hata shetani huko ameomba likizo. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limetulia, ulimi wake bado. Mke wangu Inaam anauliza kama unakula. Nimemwambia kwa picha ulizotuma, unakula vya watu wawili.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimeizima na kuizika kwenye pipa la ngano, na kitu chenye betri sikisemeshi tena habari za nyumba yangu. Nimefanya kazi posta maisha yangu yote, najua barua zinavyosafiri, ndiyo maana hii nampa Abu Sakhr aje nayo kwa lori lake la nyanya.

Unaikumbuka skrini uliyonitumia mwaka jana, nikaing'oa ile ya Kikorea iliyokuja na gari? Ulisema sasa simu na gari vitaelewana. Vimeelewana, mwanangu. Alhamisi iliyopita ilikuja jaha, msafara wa wazee wa kumposa binti yangu Shuruq kwa ajili ya Qusai, yule daktari wa meno wa Mahis. Wazee mia, majoho mabegani, Sheikh Barjas mbele yao. Tukamwekea kikombe chake cha kahawa, naye kama ilivyo ada hakukigusa kabla ya kupata jibu. Akasimama, akausifu ukoo wetu mpaka nikadhani amekosea nyumba, kisha akaomba. Nikasimama kujibu. Mdomo nimeshaufungua niseme, "Kunywa kahawa yako, Sheikh, mmepata." Hapo hapo gari langu, lililoegeshwa nyuma ya turubai la hema, likajibu kabla yangu.

Likajibu kwa sauti ya mtu, na kwa zile spika ulizonisifia. Maneno yenyewe siyaandiki. Sheikh Barjas akaketi, akakisukuma kikombe kando kwa kidole kimoja, akasema hanywi. Jaha ikaondoka hata sinia za mansaf, wali na kondoo, hazijaonjwa. Tumekula kondoo mpaka paka wa mtaa wakituona wanavuka barabara. Shuruq sasa si mchumba wa mtu, wala si msichana anayeweza kuposwa na mwingine. Yuko hapo katikati kama nguo kwenye kamba siku ya mvua.

Wewe ndiye fundi. Nieleze simu iliyo ndani ya mfuko wa joho langu, ndani ya hema, imezungumzaje na gari lililo nje bila ruhusa yangu. Tena nikuulize: una lolote la kuniambia?

Ami yako,
Zuhdi


Sharjah, 11 Septemba

Ami yangu mpendwa,

Nakubusu mkono na paji la uso. Barua imefika ikinuka mnanaa, na ina doa la nyanya juu ya jina langu, lakini imesomeka. Mama mwambie pesa za dawa zimetoka. Mama Inaam mwambie nakula, na kwamba kamera za siku hizi zinamnenepesha mtu.

Pole sana kwa yaliyokufika. Nimecheka kidogo halafu nikaacha.

Sasa kuhusu simu na gari. Hivi viwili, Ami, ni kama mke na mama mkwe. Vingine ukivikutanisha vinapendana siku ya kwanza, vingine hata uvifunge kwa waya havisemezani. Hapa dukani jana amekuja mtu na gari la bei ya nyumba yako na simu ya bei ya gari lako, na vimekataa katakata kujuana. Simu imesasishwa, gari halijasasishwa, basi kila kimoja kinaona mwenzake ni mshamba. Ila vikishapatana mara moja, basi. Kila vikikaribiana vinashikana mikono bila kumuuliza mtu. Ukuta wa hema si kitu kwao. Gari likiwa limewashwa na simu iko hatua chache tu, sauti ya simu inahamia garini na wewe huna habari.

Tiba ni rahisi. Washa gari, ingia kwenye mipangilio, tafuta jina la simu yako, bonyeza palipoandikwa "Sahau kifaa hiki". Vitaachana kwa talaka moja.

Nisaidie na haya ili nijue ugonjwa vizuri. Gari lilikuwa limewashwa? Na nani, wakati wewe uko hemani? Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume au ya kike? Ilikuwa redio, labda? Huwa kuna michezo ya redio mchana.

Umeuliza kama nina lolote la kukuambia. Ninalo. Usipandishe sauti kupita nusu, spika zile zitapasuka.

Shuruq hajambo? Nimempigia, hapokei. Mwambie namsalimu. Au basi, usimwambie kitu. Na huyo Qusai anasemaje? Nauliza tu, kama ndugu.

Mwanao,
Dirar


Salt, 3 Oktoba

Dirar,

Salamu. Tumeanza kuchuma zeituni. Mama yako amekataa kupumzika, anasimamia uchumaji akiwa kwenye kiti, na wachumaji wawili wamekimbia. Inaam amekuwekea chupa za mafuta mapya. Shuruq hajambo. Anafundisha shuleni kwake asubuhi, jioni anatugombeza.

Dawa yako nimeitumia. Kwanza sikuiona hiyo sehemu ya kusahau, nikabonyeza nyingine, skrini yote ikageuka Kikorea kama ile niliyoing'oa. Nikamwita jirani yetu Abu Ghalib, muuza achari, ambaye kila kitu anakijua mpaka umuulize. Akatoa simu yake akasema atalijaribu gari kwa simu iliyo salama. Gari likampenda. Mimi limenisahau kweli kweli, hata nikilikaribia halinitazami, lakini Abu Ghalib akipita tu langoni, linamsalimu. Juzi nampeleka Inaam harusini, tumesimama mbele ya duka la Abu Ghalib, mara mkewe akampigia. Tukasikia yote. Sasa najua Abu Ghalib analala chumba cha watoto tangu Ramadhani, na ni kwa sababu ya jibini. Inaam hakutaka tuondoke mpaka yaishe.

Haya, hayo ndiyo ya gari. Tuje kwako.

Umeuliza kama sauti ilikuwa ya kiume au ya kike. Una uso mgumu, mwanangu, umerithi kwa babu yako. Ilikuwa ya kiume. Ilikuwa yako. Meseji ya sauti uliyonitumia siku ile ile. Kwa kuwa huenda umeisahau, na mimi nimelazimika kuisikia mbele ya wazee mia, nakurudishia: "Ami, hongera ya jaha. Lakini mwambie Sheikh asiguse kikombe. Huyo binti ana binamu yake, na binamu yake hajafa, yuko Sharjah anafunga skrini."

Hata kondoo sufuriani nadhani alisikiliza. Sheikh Barjas akauliza, "Huyo ni mwana wa ndugu yako marehemu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi binamu amesema, na mimi sinywi kahawa juu ya neno la binamu."

Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukufundisha. Binamu akisema anamtaka binti wa ami yake, hata akilisema neno hilo kupitia tundu la spika, hakuna mzee wa mkoa huu wa Balqa atakayemwombea mtu mwingine mpaka binamu mwenyewe alithibitishe au alifute. Nimekuuliza kwa upole barua ya kwanza. Sasa nakuuliza bila upole.

Zuhdi


Sharjah, 22 Oktoba

Ami,

Salamu kwenu nyote. Zeituni ziwe na baraka. Joto limepungua huku, mimi limenihamia kichwani.

Nilikuwa natania. Unanijua. Wanaume wa ukoo wetu hutania kwenye msiba, sembuse kwenye posa. Nilikuwa dukani, nimefungua skrini ya gari la mtu, nikakumbuka ni siku ya jaha, nikasema niwachekeshe. Nani angejua gari lako lina masikio?

Ila kuna jambo la ufundi linanikosesha usingizi. Nimefunga skrini za namna hii nyingi kuliko wali niliokula. Meseji ya sauti ikifika, gari haliisomi lenyewe. Linatoa mlio, linaonyesha jina la aliyetuma, basi. Ili izungumze, lazima mtu aguse skrini kwa kidole. Haliwezi, Ami. Halina tabia hiyo. Nimejaribu hapa na simu kama yako, na nyingine ya zamani, na ya bosi wangu ambayo hukataa kila gari, na zote ni hivyo hivyo: bila kidole, hakuna sauti.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu ndani ya gari. Aliona jina langu, akagusa. Nani? Kama ni fitina ya Abu Ghalib niambie, nitamfunga skrini isiyozimika mpaka Kiyama.

Kuhusu Sheikh Barjas, mwambie ilikuwa mzaha. Anywe tu. Qusai ni mtu mzuri, ana kazi, ana meno. Shuruq anastahili mtu aliye karibu.

Yeye mwenyewe amesema nini? Hujaniambia amesema nini.

Dirar


Salt, 16 Novemba

Dirar,

Wa alaikum salaam. Mvua imenyesha, zeituni zimeisha, mama yako yupo, Inaam yupo, mimi nipo. Salamu zimekwisha.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Ukurasa mzima wa vidole na skrini, na mstari mmoja wa mzaha. Nimekaa dirishani posta, nimewaona watu wengi wakiandika barua. Mtu akiandika sana habari za hali ya hewa, ujue kuna maiti ndani ya nyumba.

Unauliza nani aligusa. Gari ni langu, uwanja ni wangu, na swali hilo sitakujibu. Uliza lile unaloliogopa.

Mwambie Sheikh ilikuwa mzaha, unasema. Nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia. Alinipa chai, akasikiliza, akasema, "Zuhdi, mzaha nilishausikia mwingi. Kijana yule alikuwa anatetemeka sauti. Akifuta, afute kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wawili." Ndivyo mambo yalivyo. Mpaka sasa hakuna mlango wa kuingilia nyumba hii. Shuruq ana miaka ishirini na tisa, na neno lako limekaa kizingitini kama mbwa wa mtu mwingine.

Na usinitume nimuulize amesema nini. Mimi ni baba. Baba hamtembezi binti yake sokoni, na hamwandikii kijana kumwambia njoo. Kwetu mwenye haja ndiye anayepanda kilima. Hata nikiwa na maneno, sina ruhusa ya kuyasema, na wewe unalijua hilo, kisha unanichimba kama mtoto anayechokonoa sikio.

Nataka jibu moja. Ulitania, au hukutania? Ukinitajia waya hata mmoja, barua naipa mbuzi.

Zuhdi


Sharjah, 5 Januari

Ami Zuhdi,

Nakubusu mkono. Nisamehe kwa kuchelewa. Abu Sakhr amepita mara tatu, na mara tatu nimemwambia barua haijawa tayari. Mara ya tatu alisema hata nyanya zake huwa zinaiva kwa wakati.

Sikutania.

Nimeandika hilo, nikainuka, nikaosha vyombo ambavyo si vyangu, nimerudi. Nampenda Shuruq. Nampenda tangu siku ya mazishi ya baba, wakati kila mtu ananiambia nijikaze, na yeye akanijia jikoni akaniambia nina makamasi na kwamba nikilia vizuri nitamaliza haraka. Akasimama mlangoni mtu asiingie. Sikuwahi kumwambia kitu. Nilisema nitaondoka kwanza, nitakuwa mtu, nitarudi na gari langu mwenyewe. Kila mwaka nikawa mtu kidogo, haitoshi, nangoja mwaka mwingine.

Uliponipigia ukasema jaha imepangwa, nilikupongeza, nikacheka, nikakata simu, nikakaa chini ya gari la mteja mpaka bosi akaniita. Siku yenyewe nilirekodi ile meseji, nikaifuta. Nikarekodi tena, nikafuta. Ya mwisho niliituma, nikaizima simu palepale kama mwizi. Nilijua uko hemani na hutaisikia mpaka usiku, kahawa imeshanywewa. Nilitaka tu isemwe mahali, isiathiri kitu. Huo ndio uoga wenyewe, mwingine usinitafutie.

Nimeharibu, na anayelipa ni yeye. Hilo ndilo linanila. Kwa hiyo nimefanya kama Sheikh alivyotaka. Leo nimemkalisha Abu Sakhr na bosi wangu, wakawa mashahidi, nikasema kwa mdomo wangu kwamba sina dai kwa binti wa ami yangu, na anayetaka kumposa aje. Abu Sakhr atakuja kwenu kwanza alifikishe neno hilo, kisha aende kwa Sheikh Barjas. Kama Shuruq anamtaka Qusai, Sheikh anywe kahawa yake. Mimi nitatuma zawadi, na sitatuma sauti.

Sijui kumalizia barua ya namna hii. Goti la mama liko vipi?

Dirar


Salt, 24 Januari

Dirar mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, na safari hii nasema kweli. Kuna theluji kidogo juu ya paa. Goti la mama yako zima, leo amepanda ngazi mbio kumwambia Inaam yaliyomo kwenye barua yako, ambayo nilikuwa sijamaliza kuisoma.

Mimi nilikuwa nimefungwa mdomo, sasa umenifungua, kaa chini.

Qusai ameshaoa. Alimposa msichana wa Madaba mwezi Septemba, kabla doa la nyanya halijakauka kwenye barua yangu ya kwanza. Hatukumlaumu, yule ni mtu wa kung'oa na kuendelea. Kwa hiyo tangu vuli hapakuwa na mtu mwingine langoni. Tulikuwa tunakungoja wewe, na wewe unanifundisha talaka ya simu. Nisingeweza kukuambia. Ningekuambia, ningekuwa nimekupa binti yangu mkononi bila kuombwa, na yeye asingenisamehe, kwa sababu alitaka ulitamke neno lenyewe ukiwa unaamini kwamba utampoteza.

Kidole kilikuwa chake. Alikuwa amewakimbia wanawake na wanja wao, akajificha garini na nguo yake ya posa, mlango wazi, kipoza hewa kikimpuliza. Akaona jina lako kwenye skrini. Anasema aligusa kwa sababu alidhani unatuma matusi na alitaka kucheka kidogo kabla hajaolewa. Lakini sauti alikuwa ameshaiacha juu, na ulipoanza kusema hakuipunguza. Nilimuuliza kwa nini hakuipunguza. Akanijibu, "Baba, ulitaka nimkatize?"

Amri yako kwa Abu Sakhr imefika vibaya. Alipiga hodi, akajinyoosha, akaanza, "Mimi ni shahidi kwamba Dirar hana dai." Aliyemfungulia alikuwa Shuruq. Alimwambia ayarudishe maneno hayo Sharjah pamoja na makreti matupu, na kwamba akienda nayo kwa Sheikh Barjas, asitafute tena nyanya upande huu wa mto. Abu Sakhr ana wake wawili na haogopi mpaka wa nchi yoyote, lakini alipoingia kunifikia ndani alikuwa anaomba maji.

Mimi sikuandikii uje. Nilishakuambia baba hafanyi hivyo. Nakupa habari za mtaa tu, kama ilivyo desturi ya barua. Habari moja ni kwamba jana nilikwenda kwa Sheikh Barjas nikamweleza yote, na nikamuuliza, kwa mfano tu, kama kijana fulani angetaka jaha, nani angefaa kuiongoza. Akasema ataiongoza yeye mwenyewe na hahitaji hotuba. Ombi alishalisikia mwezi wa nane, tena kwa sauti kubwa. Anachongoja ni mwombaji.

Ami yako,
Zuhdi